Wakwe wa Porini

Mimi ni mtu wa kukaa nyumbani. Nalisema mapema, ili huko mbele mtu asidhani najitetea. Wenzangu niliofika nao Landani walitembea, wakapiga picha kwenye madaraja na mbele ya askari wenye kofia za manyoya. Mimi nilipata kochi, nikalikalia. Mungu naye hupenda utani: akanipa kazi Hayes, kule jirani na uwanja wa ndege, na nyumba akanipa Walthamstow, mwisho kabisa wa reli upande wa pili. Kila siku nikawa nauvuka mji mzima, treni ya chini ya ardhi, kisha basi, kisha basi jingine, ili nikapange sahani za chakula cha watu wanaosafiri. Natoka saa saba mchana, narudi wenye akili wamelala. Jumanne na Jumatano zilikuwa siku zangu za mapumziko, na siku hizo hata kushuka ngazi kutupa taka niliiona safari.

Kwa mtu wa namna hiyo, kuja kwa mama mkwe ni jambo zito.

Alikuja mwezi wa tano, miaka ya tisini ikielekea ukingoni, kwa ajili ya mtoto. Mke wangu alikuwa amejifungua binti yetu, na katika kipindi hicho hicho akapata nafasi ya kusomea uuguzi, masomo yaanze Septemba. Miaka minne alikuwa anaogesha na kulisha wazee wa watu huku akiomba nafasi hiyo, anakataliwa, anaomba tena. Barua ya kukubaliwa aliibandika kwenye friji, na kila akifungua kuchukua maziwa aliisoma kana kwamba huenda wamebadilisha maneno. Mpango wetu ulikuwa hivi: asubuhi mtoto ni wangu, nikitoka kwenda kazini anakuwa wa bibi mpaka mama yake arudi jioni, na mwisho wa Oktoba angepata nafasi nursery. Viza ya mama mkwe ilikuwa ya miezi sita, ilitosha. Bila mama, hakuna darasa. Hilo lilijulikana kwa kila mtu aliyefungua friji yetu.

Kisichotosha kilikuwa nyumba.

Kwetu mwanamume hamtazami mama mkwe usoni. Hali naye chakula, hakai naye kiti kimoja, na akikutana naye njiani anachepuka kwa adabu mpaka apite. Desturi nzuri sana hiyo, lakini ilitungwa na watu wenye mashamba. Unamwona mkwe anakuja, unaingia kwenye mtama, anapita, unatoka. Walthamstow hakuna mtama. Tulikuwa na sebule, chumba chetu, kijichumba kama kabati alicholala mama na mjukuu wake, na jiko lenye kidirisha cha kupitishia sahani sebuleni. Ukichepuka hapo unaingia chooni.

Ndivyo tulivyoishi. Nikisikia mlango wake unalia, mimi niko jikoni. Akija jikoni, mimi niko chooni. Jirani wetu wa chini, mzee mmoja Mkongo wa upande wa Kivu, mzee wa kanisa na msafishaji wa maofisi alfajiri, aliniuliza siku moja kwenye ngazi, kwa huruma kabisa, kama tumbo langu lilikuwa linanisumbua, maana mabomba yote yalipita juu ya kichwa chake.

Kuongea tuliongea kwa kupitia mtoto. "Mwambie baba yako chai ipo," mama atasema, akimwangalia mjukuu. Nami nitajibu kutoka jikoni, "Mwambie bibi ahsante, nitainywa huku huku." Mtoto wa miezi mitano, mkalimani asiyejua lugha hata moja, anatoa mate.

Mama mwenyewe hakuwa mtu wa kukaa. Nyumbani alikuwa na shamba, na kikundi cha akina mama, na ugomvi wa mpaka na jirani uliomweka hai. Hapa alikuwa na madirisha mawili. Anatoka hili, anakwenda lile, anarudi. "Muulize baba yako, hawa watu kila siku wanakimbilia wapi?" Mimi jikoni nasimama, nakaa, nafungua kabati, nalifunga. Nyumba ile mwaka ule kama ungeifunga nyaya ungepata umeme.

Siku yenyewe ilikuwa Jumatano ya mwezi wa nane, mvua ya rasharasha, mke wangu kazini. Mama alikuwa amekalia kochi langu, mtoto mapajani. Mimi nilikuwa jikoni namenya viazi ambavyo havikuhitajiwa na mtu. Kupitia kidirisha niliiona televisheni na kisogo cha mama, na hilo desturi haikulikataza, kwa sababu kisogo si uso.

Ikaanza filamu ya zamani ya Kimarekani, rangi zake nzito kama za kanga mpya. Mfalme amevaa manyoya, ana ndevu kama mkia wa kuku, anakula peke yake mezani huku maskini wamesimama wanamtazama. Halafu msitu, na kundi la wanaume wenye pinde wanaruka kutoka kwenye matawi, wanacheka mikono kiunoni. Mkubwa wao ana kofia yenye unyoya. Akisimama anacheka, akianguka anacheka, mshale ukimpita sikioni ndiyo kwanza anacheka.

"Muulize baba yako," mama akasema, "hawa wanaume mbona wamevaa soksi mpaka kiunoni?"

"Mwambie bibi kule ni baridi."

Akaguna. Nikajisikia vizuri. Miezi mitatu ile lilikuwa jibu langu la kwanza lisilohusu chai.

"Na ni akina nani?"

Hapo ndipo niliposhindwa kunyamaza. Siku hizi nasikia huko nyumbani wako vijana wanaotafsiri filamu kwenye vibanda vya video, na wana mashabiki wao. Mimi niliwatangulia, nyuma ya kidirisha, kisu cha viazi mkononi, na Kiingereza changu cha kidato cha nne kilichopata D. Mtu wa mfalme alikuwa amekunjua karatasi kubwa, akapaza sauti, na katika maneno yake yote nikadaka moja: outlaw. Sikuwa nimelisikia kabla. Lakini in-law nililijua vizuri, alikuwa amekaa kwenye kochi langu. In-law ni mkwe. Out ni nje. Mtu mwenye akili anajumlisha.

"Mwambie bibi hao ni wakwe waliofukuzwa."

Kisogo kikatulia. "Wakwe?"

"Ndiyo. Wakwe wa mfalme. Amewatoa nje, sasa wanaishi porini."

"Wote hao wakwe zake?"

"Ameoa ukoo mkubwa."

"Na huyo wa unyoya?"

"Ndiye shemeji."

Mama akamhamishia mtoto goti la pili. Mfalme akatupa mfupa, mbwa akaudaka. "Muulize baba yako," akasema polepole, "walikosa nini?"

Hilo filamu ilikuwa bado haijalisema, au ililisema kwa kasi kuliko masikio yangu. Nikawa na nafasi ya kujibu "sijui", neno zuri, fupi, halijamponza mtu. Badala yake nikafikiri. Nikajiuliza, ni kosa gani linaloweza kumfanya mtu mzima aache kwake, ajifiche, alale na nguo, na akisikia farasi wa askari aruke dirishani? Kwa sisi watu wa makaratasi ya viza, Landani yetu ilikuwa na kosa moja tu la namna hiyo, na kila mtu alimjua aliyelifanya.

"Mwambie bibi walikaa kupita muda wao."

Sikusikia kitu tena. Nikadhani filamu imemkolea. Baada ya kidogo akanyanyuka na mtoto, akaingia chumbani, mlango ukafungwa taratibu sana, kama mlango wa mtu anayetoka kwa mgonjwa. Na mimi, Mungu anisamehe, nikafurahi. Nikatoka jikoni, nikajilaza kwenye kochi lililokuwa bado lina joto, nikautazama mwisho peke yangu. Wale wa porini waliingia ngomeni kwa kamba, wakapigana juu ya meza, mfalme akaburutwa nje na manyoya yake, wakabaki wao ndani wanakunywa. Kama mama angengoja mpaka mwisho, angeona wakwe wanachukua nyumba.

Saa kumi na moja mke wangu alirudi, nami nimesharudi kwenye viazi vyangu. Akaingia chumbani kwa mama yake, akakaa huko, akatoka, akaja jikoni akafunga mlango na kidirisha.

"Umemwambia nini mama?"

"Mimi? Mimi siongei naye. Muulize mtu yeyote."

"Anataka nipige simu kwa watu wa ndege warudishe tiketi nyuma. Jumamosi ya wiki ijayo. Sanduku lipo kitandani."

"Amesema kwa nini?"

"Amesema amesikia."

"Amesikia nini?"

"Hataki kusema. Anasema mtu mzima haambiwi mara mbili."

Nikaweka kiazi chini. Nikamsimulia yote, wanaume wa soksi, mfalme, shemeji wa unyoya. Nilipofika kwenye wakwe waliofukuzwa alinishika mkono.

"Ngoja. Outlaw ni nani?"

"Mkwe wa nje."

"Nani kakwambia?"

"In-law si mkwe? Sasa ukimtoa?"

Mke wangu alikaa sakafuni. Alicheka bila sauti, kichwa kimeegemea mlango wa friji, machozi yanamtoka. "Law ni sheria, mwanamume wewe! Sheria! Ni majambazi. Watu waliotolewa kwenye ulinzi wa sheria."

"Na in-law naye ni ndani ya sheria?"

"Ndiyo."

"Basi nami niko ndani ya sheria."

"Wewe uko ndani ya choo. Kisha mama akauliza nini, na wewe ukajibu nini?"

Nikamwambia nilivyosema. Kicheko kikakatika kama taa iliyozimwa. Alinyanyua macho, na barua ya chuo ilikuwa juu ya kichwa chake, imebandikwa palepale alipoegemea.

"Mama mkwe anakaa kwako miezi mitatu," akasema, "unamkimbia kama polisi. Siku unayofungua mdomo unamsimulia habari ya wakwe waliokaa sana wakapelekwa porini. Na mfalme mwenyewe anakula peke yake nyuma ya ukuta." Akakitazama kidirisha. "Hata mimi ningefunga sanduku."

"Mweleze basi kwamba ni lugha."

"Nitamweleza. Lakini akiondoka, mimi darasani siingii. Nafasi hii hawaniwekei. Umenielewa? Nenda kamwombe radhi."

"Kwa mdomo gani? Yule ni mkwe."

"Kwa huo huo uliotafsiria."

Niliposhuka ngazi nilikuwa sijui naenda wapi, na kwa kuwa siendi mahali popote, nikaishia mlango wa chini. Mzee Mkongo alikuwa amevaa fulana, anakula wali. Nilimweleza nikiwa nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, akaweka kijiko.

"Weye! Uko nafukuza mama mukwe na televizyo?"

"Si kusudi, mzee."

"Hata kwetu mutu hawezi kuomba mukwe pardon na mudomo mutupu. Unatuma mukubwa." Akavaa shati, akavaa na koti, akatafuta kofia yake ya kanisani ili aivue vizuri mbele ya mama. Nikabaki nimekaa kwenye ngazi, nasimama, nakaa. Juu nilisikia sauti zao, Kiswahili cha Kivu na cha kwetu vikipishana, halafu kikohozi.

Aliporudi alijikuna kidevu. "Mama hana hasira. Anasema hivi: mutu hawezi kufukuzwa pahali hawajamukaribisha bado. Anasema haujafungua macho yake. Mi sijue ni nini. We unajua?"

Nilijua. Nilijua mpaka masikio yakapata moto.

Kwetu ile haya ya mkwe si ya milele. Kuna siku mwanamume anampelekea mama mkwe mbuzi, kwa mikono yake mwenyewe na mtu wa kumsindikiza, na tangu siku hiyo wanaweza kutazamana na kula pamoja. Huyo ndiye mbuzi wa kufungua macho. Mahari ilitolewa na wajomba zangu, harusi tulifungia hapa kwenye ofisi ya halmashauri, dakika kumi na tano, na mbuzi nikasema nitampeleka nikienda likizo. Likizo ikaja, nikatazama tiketi, nikatazama kochi. Mwaka uliofuata vivyo hivyo. Mtu wa kukaa nyumbani huwa na sababu nyingi. Kwa hiyo haikuwa desturi iliyokuwa inanikimbiza chooni miezi mitatu. Desturi ilikuwa na ufunguo. Kilichonikimbiza kilikuwa uvivu wangu uliovaa kofia ya desturi.

Alhamisi asubuhi nilikuwa sokoni kabla vibanda havijafunguka vizuri. Soko la Walthamstow ni refu, na mimi nilikuwa sijalipita lote hata mara moja. Muuza nyama akaniuliza kama nataka mbuzi mzima. Nikamfikiria mzima kwenye ngazi zetu, nikaifikiria friji, nikasema mguu wa nyuma. Akaufunga kwenye mfuko wa plastiki wa buluu.

Mke wangu alikuwa ameshakwenda kazini. Mzee Mkongo alikuwa ametoka kwenye usafi wake wa alfajiri, amevaa tai. Tulipanda, yeye mbele na mfuko, mimi nyuma nimeinamisha kichwa, naona soli za viatu vyake. Mama alikuwa kwenye kochi, mtoto kando, sanduku limesimama mlangoni pa chumba chake.

"Mama," mzee akaanza, kofia mkononi, "huyu mutoto alichelewa. Njia ya huku iko murefu. Leo amefika." Akaweka mfuko miguuni pake.

Nilisikia plastiki inafunguliwa.

"Mbuzi mwenyewe yuko wapi?"

Alikuwa ananiuliza mimi. Mtoto hakuhusishwa.

"Ndiye huyo, mama."

"Huyu ni mguu. Hiyo mingine mitatu imekwenda kazini?"

Mzee alikohoa kwenye kofia yake. Mimi nikasema, na sijui nililitoa wapi, "Mama, hapa Landani hata mbuzi ana zamu."

Hakucheka. Aliufunga mfuko. "Haya, nitazame."

Nilinyanyua macho. Nilikuwa nimemwoa mwanawe miaka minne na sikuwa najua kwamba ana mwanya. Alikuwa na kovu dogo juu ya nyusi, na macho ya mke wangu, yale yale ya kusoma barua mara ya pili. Naye alinitazama kwa kituo, kama mtu anayekagua kuku sokoni.

"Kumbe una mvi," akasema.

Mzee akaaga, akashuka kulala. Nikabaki nimesimama. Nikaanza, "Mama, ile filamu..."

"Mwanangu amenieleza jana. Neno ulikosea." Akampangusa mtoto mdomo. "Mimi sikufunga sanduku kwa ajili ya neno. Nilikuwa nalitafuta neno, wewe ukaniletea. Miezi mitatu nasikia mlango unafungwa. Mbele yangu, nyuma yangu, mlango. Nikasema nyumba hii ina wafungwa wawili, heri mmoja atoke."

Safari hii nilikuwa na akili ya kutotunga jibu.

"Na sasa, mama? Unakwenda?"

"Nyama ipikwe kwanza."

Mguu wa mbuzi hauivi kwa kufuata saa ya kazi ya mtu. Ilipofika saa saba kasorobo nilitazama koti langu, yeye akanitazama nikilitazama, akageuza nyama. Nikapiga simu Hayes nikasema tumbo. Hawakushangaa. Tulikula saa nane, kwenye kochi moja, sinia kwenye kigoda, mtoto katikati kama ukuta uliobomoka. Tonge la kwanza nililizungusha mdomoni mpaka likapoteza maana. Yeye alikuwa anakula vizuri, bila haraka, na kila nikiacha ananisogezea.

"Kula. Au unataka nigeuke?"

"Hapana, mama."

"Chumvi?"

"Inatosha."

"Haitoshi. Sema ukweli."

"Haitoshi, mama."

Akaenda kuleta chumvi. Nilitazama mlango wa choo, ulikuwa hatua nne. Nikabaki.

Mke wangu alipofungua mlango jioni alitukuta hapo, mifupa kwenye sinia, sisi wawili tunabishana kama mtoto amepata jino au ni maziwa. Alisimama na mkoba begani, hakuvua hata kiatu. Alikuwa anatazama sanduku lililosimama mlangoni.

"Liingize chini ya kitanda," mama akamwambia. "Linaziba njia. Na hao watu wa ndege usiwapigie."

Mke wangu alikwenda darasani Septemba, siku ya kwanza akaondoka saa mbili nzima kabla ya wakati. Mama alikaa mpaka viza ikabakiwa na siku sita. Asubuhi zote hizo alinitaka kwenye kochi, kando yake, niitafsiri televisheni nzima, hali ya hewa, mashindano ya kupika, wabunge wanaozomeana, na nikisema sijui ananitazama usoni mpaka niseme kitu. Nilivumilia wiki mbili. Kisha nikaanza kuondoka kwenda Hayes saa sita badala ya saa saba, nafika mapema, nakaa kituo cha basi kwenye baridi, ndege zinapita juu, sina la kufanya.